Ufunguo wa Choo cha Zambarau

Jumatatu, 9 Juni

Leo shule imezindua choo. Sijawahi kuona choo kikikatiwa utepe. Miaka yote niliyouza tambi kwenye banda hili la chakula nimeona wakizindua kisima, paa, sanamu ya Buddha — lakini choo, na mtawa akanyunyiza maji ya baraka mlangoni! Mtawa mwenyewe alikuwa anabana midomo asicheke.

Kizuri lakini. Zambarau nje, marumaru nyeupe ndani mpaka darini. Kioo. Maua ya plastiki. Sabuni ya harufu ya jasmini. Karatasi ya choo imekunjwa ncha pembetatu, mke wa Mkuu aliikunja mwenyewe kama alivyoona hotelini. Mlangoni kibao chenye kamtu, nusu suruali, nusu sketi. Nyumba yangu haina uzuri huo.

Mkuu wa shule, Prasong, alikata utepe pamoja na Plaifa wa kidato cha sita. Plaifa ni kathoei. Cheti cha kuzaliwa kinasema mvulana, jina Anuwat. Kila kitu kingine kinasema msichana, kuanzia mwendo. Alikutanisha viganja, akainama, akashukuru kwa niaba ya wenzake. Nyuma yao bango: SHULE YETU, NYUMBA YA KILA MTOTO. Utepe ulikatwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza Mkuu alitoka kwenye picha amefumba macho.

Samrit, jirani yangu wa saladi ya papai bichi, akaniegemea. "Ruean, na sisi wanawake wa kawaida lini? Choo chetu mlango unafungwa kwa kamba." Nikamwambia aanze kwa kuzaa kathoei. "Mimi? Mimi nina Kaeo wangu, nahodha wa voliboli. Yule ataolewa na askari mwenye nyota begani, utakuja kula wali." Anasema huku anaponda. Kinu cha Samrit hakinyamazi, mteja awepo asiwepo.

Baada ya sherehe Mkuu akaniletea ufunguo. Kibanda chako ndicho kinachokitazama, Shangazi, kitunze. Nimeutundika kwenye msumari, pembeni ya upawa.

Jumanne, 10 Juni

Nikafungua asubuhi, kama mtu mwenye akili. Ufunguo ni wa kufungulia.

Kabla supu haijachemka vizuri, Mkuu huyo. Anatembea haraka, jambo ambalo halifanyi hata mvua ikinyesha. Nani kafungua? Mimi, Mkuu. Kwa nini? Ungejibu nini? Akanionyesha sakafu: alama ya kiatu kwenye marumaru. Kimoja. Kidogo, namba ya mtoto.

Wakaguzi wa kanda wanakuja mwanzoni mwa Julai, kumbe. Shule imeingia kwenye shindano la shule zinazolea watoto wote, na choo ndicho silaha yetu. Mpaka siku hiyo kisiguswe. "Ukifungua, fungua kwa ajili ya kamera tu, Shangazi. Au vumbi."

Nimefunga. Nimekaa nakitazama. Choo kisichokojolewa. Mama yangu alikuwa na sahani za wageni ambazo hakuna mgeni aliyewahi kuzilia, lakini angalau sisi tulikuwa na sahani nyingine.

Alhamisi, 12 Juni

Siku ya kuwasujudia walimu. Watoto wanatambaa kwa magoti na sinia za maua, walimu wanajifanya hawalii. Sinia ya kidato cha sita ilitengenezwa na Plaifa: maua ya jasmini yameshonwa moja moja, mkia wa tausi, huwezi kuamini ni maua. Mwalimu wa nidhamu aliipiga picha kutoka kila upande. Huyuhuyu ndiye aliyempiga marufuku Plaifa kukanyaga choo cha wasichana. Na choo cha wavulana nimesikia habari zake: wanamngoja, wanaushika mlango usifungike, wanainua simu juu ya ukuta wampige picha.

Mchana akaja kula. Tambi kavu, kama kawaida. Tangu awe kidato cha nne huyu mtoto anakula tambi zangu bila supu. Nilikuwa nasema moyoni ni mambo ya kupunguza kiuno, wasichana wa siku hizi. Leo nikamtania: hata kijiko kimoja, mwanangu, supu yangu ina sumu?

"Supu nzuri sana, Shangazi. Lakini ikishaingia, itatokea wapi?"

Alisema taratibu, bila kulalamika, kama mtu anayetaja bei ya mayai. Kisha akakutanisha viganja na kwenda darasani.

Chupa ya maji niliyompa aliiacha mezani. Haikufunguliwa.

Nimeshindwa kula mimi mwenyewe. Nyuma yangu sufuria nzima ya supu.

Jumatano, 18 Juni

Nimemvuta kando Mwalimu Kanlaya. Ndiye mwalimu wa ushauri, kijana, yuko kwenye majaribio ya kazi bado. Ndiye aliyekiomba choo hicho kwa mdomo wake mpaka kikapatikana. Nikamuuliza mbona kimefungwa. Akacheka. Akadhani namtania. Kumbe kila asubuhi anapita kwa mbali, anaona zambarau inang'aa, anafurahi anaendelea na safari. Ameshawaandikia mpaka wazazi mtandaoni: njooni muone, watoto wetu wako salama.

Nikampa ufunguo afungue aone. Karatasi bado ina pembetatu yake.

Akaenda kwa Mkuu moja kwa moja. Nilimngoja nikihesabu dakika. Alirudi mwekundu masikioni. Mkuu amemwambia: unataka kinuke siku ya wageni? Wiki mbili tu, mwalimu, watoto walivumilia miaka. Kisha akampa kazi ya kumwagilia maua yaliyo mbele ya choo, asubuhi na jioni. Na akamkumbusha, kwa upole, nani anayempima kazi yake.

Kanlaya alikuwa anamwagilia jioni. Machozi na maji yanaanguka kwenye chungu kimoja. Samrit akapaza sauti kutoka kwenye kinu: "Mwalimu, usiyamwagie chumvi yatakufa." Si mkarimu, Samrit. Lakini baadaye akampelekea saladi, bila pilipili nyingi.

Choo cha namna hii wazee wetu waliita kunyunyiza giligilani juu. Mimi ni muuza supu, giligilani naijua. Ukitupia nyingi, mteja haoni kilicho chini mpaka amekwisha kulipa.

Ijumaa, 20 Juni

Nimezeeka. Nasahausahau.

Leo, kwa mfano, nimesahau ufunguo juu ya meza ya mwisho, chini ya bakuli la pilipili, muda ule Plaifa anapofika kabla ya mstari wa bendera. Nikawa nageuka kumenya vitunguu. Vitunguu vingi. Nilipogeuka ufunguo ulikuwa pale pale, umeoshwa.

Jumatatu, 23 Juni

Nimesahau tena. Kichwa hiki.

Nimechungulia kwa kioo cha kabati. Anavua viatu nje, anaviweka nyuma ya chungu cha maua visionekane. Anaingia kwa soksi. Akitoka anafuta sakafu kwa leso yake, anarudi kinyumenyume kama anayetoka mbele ya mfalme.

Mchana akaagiza tambi za supu. Nilijifanya sijasikia, nikamwuliza mara mbili ili aseme tena. Alikunywa mpaka chini, akainua bakuli kwa mikono miwili. Nikamwongezea giligilani. "Shangazi, hii nyingi." Nikamwambia, hii ni ya halali.

Ameniambia anataka kusomea uuguzi. Mama yake yuko kiwandani Rayong, mbali, anarudi mwaka mpya tu, ile sikukuu yetu ya kumwagiana maji. Anakaa na bibi. Bibi hasemi kitu juu ya nywele wala sketi, ila kila jioni anauliza: leo wamekufanya nini?

Jumatano, 25 Juni

Pembetatu.

Ya karatasi ya choo. Mkuu aliingia kukagua na mke wake, na mke akaona ncha imekunjwa vingine. Mtoto alikuwa anakunja upya kila akimaliza! Anakunja vizuri kuliko mama mwenyewe, ndiyo maana akagunduliwa.

Nilitegemea Mkuu anipigie kelele. Hakupiga. Aliketi mezani kwangu, akaagiza bakuli, akala, akasifu. Akasema anajua moyo wangu. Akasema muhula ukiisha vibanda vinapangwa upya, na kuna watu wengi wanapaomba hapa pangu, hata binamu ya mkewe ana mapishi mazuri ya tambi. Akafuta mdomo. Kisha akauchukua ufunguo kwenye msumari, akautazama, akaurudisha palepale.

Mjanja. Angeuchukua ningeweza kusema nilinyang'anywa. Sasa anayefunga ni mimi.

Alhamisi, 26 Juni

Sikusahau kitu leo.

Plaifa alifika, akaona meza ya mwisho tupu, akainua bakuli la pilipili, akalirudisha. Hakuniuliza. Afadhali angeuliza.

Tambi kavu.

Jumatatu, 30 Juni

Ameanguka mstarini. Bendera ilikuwa nusu ya mlingoti, wimbo wa taifa unaendelea, watoto wamesimama kama miti. Akaanguka kifudifudi na hakuna aliyesogea mpaka wimbo ulipoisha. Ndivyo wanavyofundishwa. Bendera ilimaliza kupanda kwanza.

Wa kwanza kuvunja mstari ni Kaeo wa Samrit. Alimbeba mgongoni mpaka langoni, miguu mirefu ya Plaifa inaburuta. Samrit akaniambia, kwa fahari: umeona nguvu ya binti yangu? Kisha akaongeza: "Lakini alikuwa analia nini? Si ndugu yake."

Jumanne, 1 Julai

Nimetoka hospitali ya wilaya. Wamemlaza wodi ya wanaume — kitambulisho ndicho kinachochagua kitanda. Wamemvutia pazia. Dripu mkononi, uso umekuwa rangi ya unga wa mchele.

Ugonjwa umetoka kwenye kibofu ukapanda mpaka figo. Daktari alimwuliza bibi: anabana mkojo huyu? Tangu lini? Bibi hakuwa na habari. Kumbe hata nyumbani alikuwa anafika anakimbilia uani kabla ya kusalimia, bibi anadhani ni haya za ujana.

Daktari amesema ugonjwa ukirudi tena kama hivi figo haitasubiri. Bibi amesema basi, shule imetosha. Atakaa nyumbani washone maua ya jasmini, wauze mbele ya hekalu. Alisema akiwa ananitazama mimi. "Wewe si ndiye unayekaa karibu na hicho choo kipya? Mjukuu wangu alinionyesha picha. Nikampa na pongezi."

Nimepewa heshima nyingi maishani. Hii ya bibi kunitazama vile, hapana, sikuwa nimejiandaa.

Plaifa macho amefumba, lakini hakuwa amelala. Kope zilikuwa zinacheza.

Jumatano, 2 Julai

Nimerudi hospitali na uji. Nikamkuta Mkuu!

Kapu la matunda, utepe juu. Na mwalimu mpiga picha. Mkuu amemshika Plaifa bega, wanatazama kamera. Halafu akavuta kiti, sauti ya baba kabisa. Wakaguzi wanafika Ijumaa. Itakuwa vizuri sana ukiwepo mlangoni, mwanangu, useme maneno mawili tu ya shukrani. Kama huwezi kusimama, kiti cha magurudumu kipo. Akafikiri. "Tena kiti cha magurudumu kinagusa zaidi."

Uji ulinimwagikia kidoleni na sikusikia moto.

Nikamsubiri Plaifa amkatalie. Mtoto akakutanisha viganja, dripu na yote. "Nitakuja, Mkuu. Nitasimama mwenyewe."

Bibi akageuka ukutani.

Mkuu alipotoka nikauliza, mwanangu, una homa? Huyu mtu! Baada ya haya yote? Akasema: "Shangazi, Ijumaa utapika supu?" Nikasema napika supu kila siku, nitapika nini, viatu? Akasema basi. Akaomba maji. Akanywa gilasi nzima mbele yangu, akaomba nyingine.

Alhamisi, 3 Julai

Shule nzima inafagiwa. Mbwa wa shule wameogeshwa. Mwalimu wa nidhamu anatembea na tabasamu analofanyia mazoezi. Kanlaya amekatazwa kusema lolote kesho ila akiulizwa. Ameniambia: "Shangazi, wasiponiuliza?" Mimi pia hawataniuliza. Nani anamuuliza muuza tambi.

Mke wa Mkuu amekunja pembetatu mpya.

Ijumaa, 4 Julai

Naandika nyuma ya sufuria, haraka haraka, nisamehe mwandiko. Nasema nisamehe — nani? Hakuna anayesoma hapa. Lakini lazima niweke hili kabla halijaisha, maana likiisha watalisimulia vingine.

Wamekuja wakaguzi watatu. Mkubwa wao ni mama mmoja mfupi wa miwani, kiatu kimemkata kisigino, anachechemea anaficha. Wakaonyeshwa maktaba, bustani, mbwa. Kisha hapa. Bango limetundikwa upya. Plaifa amesimama mlangoni, sare ya kuchagua mwenyewe kwa mara ya kwanza, Mkuu ameruhusu, leo sketi ni ushahidi. Mkono bado una plasta ya dripu.

Lakini kabla ya hapo. Alfajiri alikuja kwangu na bibi yake. Akanywa bakuli la supu. Akaomba la pili. Akanywa na maji ya nazi. Nilitaka kusema taratibu, daktari alisema nini — akanitazama tu, nikammiminia la tatu. Nilianza kuelewa nikiwa nimeshika upawa.

Wakampa kipaza sauti. Mkuu akatabasamu. Plaifa akasema: "Nawashukuru walimu wangu kwa choo hiki. Ni kizuri sana. Naomba kuingia."

Wakacheka, wageni wakacheka. Mkuu akacheka kuliko wote: bado, mwanangu, baada ya picha.

"Nimebanwa, Mkuu. Daktari amenikataza kubana."

Hakuna kelele. Sauti ileile ya bei ya mayai, ila sasa imepitia kwenye kipaza sauti, ikaenda mpaka barabarani.

Mama wa miwani akasema, mwacheni mtoto aingie. Akashika kitasa mwenyewe. Hakikufunguka. Akajaribu tena, watu hudhani ni mkono wao. Akamgeukia Mkuu. Mkuu akasema ufunguo uko ofisini, atatumwa mtu, wakati huo tafadhali tuelekee ukumbini kuna matunda.

Plaifa hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. "Shangazi Ruean," — bila kipaza sauti sasa — "leo umesahau wapi?"

Macho yote kwangu. Na msumari ule, karibu na upawa, ufunguo unaning'inia kama ulimi. Mkuu akatikisa kichwa kidogo sana. Mtu wa mbali asingeona. Niliona mimi; nikaona na meza zangu zikiondoka, na binamu wa mkewe na mapishi yake mazuri.

Nikaenda nikafungua. Sikufikiri. Ningefikiri ningekuwa bado nimesimama pale.

Akaingia. Akasahau kuvua viatu — hapana, hakusahau. Nilimwona akiviangalia. Akakanyaga ndani navyo. Akajifungia.

Nilidhani limeishia hapo. Aibu kidogo, matunda, basi. Mkuu alikuwa ameshaanza kueleza kuhusu usalama wa mali ya umma.

Halafu mtoto mmoja wa kidato cha pili, mwembamba, simjui jina, hula wali wa kunata peke yake kila siku, akatoka kwenye safu ya wapiga makofi. Akasimama mbele ya mlango. Akangoja. Nyuma yake akasimama mwingine. Msichana wa nywele fupi wa kwaya. Mchezaji ngoma wa bendi. Wawili wamekuja wameshikana vidole vidogo, wakaachana, wakashikana tena. Hakuna aliyewaita. Wanapanga foleni ya choo, kosa liko wapi?

Tulisema shule ina kathoei wawili, watatu. Mkuu mwenyewe alisema hivyo kwenye hotuba. Foleni imeshapita chungu cha maua, imepita tangi la maji. Kanlaya amekaa chini palepale. Mama wa miwani amevua kiatu chake kinachomuuma, amekishika mkononi, anatazama watoto mmoja mmoja. Hakuna anayepiga picha.

Mlango bado umefungwa kwa ndani. Maji yanasikika. Mkuu anagonga kwa vidole viwili, kwa adabu, maana wageni wapo. "Anuwat. Anuwat, toka." Hakuna jibu kwa jina hilo. Sasa ameacha kugonga, anakuja kwangu, kiganja kimefunguliwa. Shangazi, ufunguo. Niko nao mfukoni mwa aproni. Una mafuta ya supu, unateleza.

Na kuna kitu kimebadilika hapa bandani, ilinichukua muda kujua ni nini. Kimya. Kinu cha Samrit kimenyamaza.

Kaeo yuko kwenye foleni. Mwisho kabisa, mrefu kuliko wote, na jezi yake ya nahodha, anatazama mbele moja kwa moja. Anajua mama yake yuko wapi. Haangalii huko.

Mkuu amefika. Samrit naye ametoka nyuma ya meza yake, anakuja, mchi bado uko mkononi, papai linadondoka. Anapita katikati ya wageni bila kuomba radhi. Uso wake sijawahi kuuona. Sijui anamwendea nani: Mkuu, Kaeo, au mimi.